Skuta ya Umeme: Kipi Ununue, Kipi Uache

Somo la usafiri na usalama kwa wazazi na vijana



Ukishuka asubuhi kwenye kituo cha metro cha DMCC, utawaona wafanyakazi wakikunjua skuta zao za umeme na kuelekea kwenye minara ya Jumeirah Lakes Towers, ambayo wengi wetu tunaiita JLT tu. Sababu inaeleweka. Minara hii imepangwa kwa makundi yanayoitwa klasta, kila moja na herufi yake, kuzunguka maziwa yaliyotengenezwa na watu. Kituo kiko pembezoni, kando ya Sheikh Zayed Road. Mtu anayefanya usafi au kupika katika klasta ya mbali ana mwendo wa kutembea, na mwezi wa Julai joto linapita nyuzi 40. Skuta inampunguzia safari.

Shida huja na vitu vya kuongezea. Duka likishauza skuta, linauza pia kiti, taa za rangi, betri kubwa, kishikilia simu na spika. Kijana anavitaka vyote. Mzazi hajui kipi ni cha lazima. Na katika familia nyingi mpya, kijana huyohuyo ndiye mkalimani dukani: anauliza yeye, anajibiwa yeye, na mzazi anabaki kutoa pesa. Somo hili linataka kumrudishia mzazi uamuzi wake. Sehemu kubwa ya unachohitaji kujua imeandikwa kwa namba, na namba hazihitaji mkalimani.

Baada ya somo hili utaweza:
- kujua nani katika familia anaruhusiwa kuendesha skuta;
- kupanga vifaa katika vikapu vitatu: vya lazima, vya manufaa, na vya kuacha;
- kusoma namba za chaja na kuzuia moto nyumbani.

1. Kabla ya kwenda dukani

Skuta tunayoizungumzia ni kile chombo chembamba cha magurudumu mawili unachosimama juu yake. Wanaotoka Goma wasiione ngeni sana. Ni kama mjukuu wa chukudu, ile ya mbao iliyojengewa sanamu ya rangi ya dhahabu mjini kwao. Tofauti ni kwamba hii ina betri, na ina sheria zake.

JLT ilikuwa miongoni mwa maeneo 10 ya kwanza ya Dubai yaliyofunguliwa kwa skuta za umeme tarehe 13 Aprili 2022. Kanuni zinasimamiwa na RTA, yaani Mamlaka ya Barabara na Usafiri ya Dubai. Shika namba hizi:

16. Huu ndio umri wa chini wa kuendesha. Mtoto wa miaka 15 haruhusiwi, hata akivaa helmeti mbili. Mwenye umri unaotosha lazima awe na kibali cha RTA, isipokuwa kama ana leseni halali ya gari au pikipiki. Kibali ni bure: unasoma mafunzo kwenye tovuti ya RTA, kisha unafanya mtihani. Kuendesha bila kibali ni faini ya dirhamu 200.

20. Hizi ni kilomita kwa saa. Ndio mwendo wa mwisho kwenye njia ambazo baiskeli na waenda kwa miguu wanatumia pamoja.

60. Barabara yenye kikomo cha mwendo kinachozidi kilomita 60 kwa saa hairuhusiwi kwa skuta. Ukiingia, faini ni dirhamu 300. Sheikh Zayed Road si ya kujaribu hata mara moja. Ukitaka kwenda upande wa Dubai Marina, pita daraja la waenda kwa miguu la kituo cha metro.

Tazama pia mabango ya kila klasta na ya jengo lako, kwa sababu wasimamizi wanaweza kuwa na masharti yao kuhusu wapi skuta ipite au iegeshwe.

Mkishajua nani ataendesha na atapita wapi, ulizeni swali moja zaidi: je, skuta itapanda metro? Kama ndiyo, iwe ya kukunjwa, isiwe na kiti, isizidi kilo 20, na vipimo vyake visizidi sentimita 120 kwa 70 kwa 40. Nenda dukani na futi ya kupimia. Kila kifaa unachoongeza kinaongeza uzito au ukubwa, kwa hiyo skuta iliyopimwa jana inaweza kukataliwa mlangoni kesho.

2. Kikapu cha kwanza: vya lazima

Hivi hununuliwa siku ileile ya skuta, kabla ya kitu kingine chochote. Vinafanya kazi mbili: kukusimamisha na kukuonyesha kwa wengine.

*Helmeti.* Tafuta alama EN 1078 au CPSC ndani yake. Alama hizo zinaonyesha kwamba aina hiyo ya helmeti imepimwa kwa kugongwa. Ivae dukani. Ikae sawa juu ya kichwa, vidole viwili juu ya nyusi, isisukumwe nyuma kama kofia ya sherehe. Mikanda ikutane chini ya masikio, na kidole kimoja tu kipite kati ya mkanda na kidevu. Tikisa kichwa: ikicheza, ni kubwa. Usimnunulie mtoto helmeti ya "atakua nayo". Na helmeti iliyokwisha kuanguka na mtu haitumiki tena, hata kama kwa nje haina ufa. Kwa sababu hiyo usinunue iliyotumika, maana hujui historia yake. Kuendesha bila helmeti ni faini ya dirhamu 200, lakini faini ndiyo hasara ndogo.

*Kizibao kinachong'aa kikimulikwa.* Wengi wetu hutoka kazini usiku. Dereva wa gari anayetoka kwenye maegesho ya chini ya mnara hakuoni ukivaa nguo nyeusi.

*Taa na kengele.* Mbele taa nyeupe, nyuma nyekundu, na kengele au honi kwenye usukani. Skuta nyingi zinakuja navyo. Usilipie mara ya pili kilichopo, ila hakikisha kinafanya kazi. Washa taa ukiwa bado dukani.

*Breki.* Ziwepo kwa gurudumu la mbele na la nyuma. Sukuma skuta kwa mkono, kisha bana breki moja moja: gurudumu lisimame. Kama una pesa ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye skuta ya zamani, badilisha vitambaa vya breki vilivyolika.

3. Kikapu cha pili: vya manufaa

Hivi vinaweza kusubiri mshahara wa mwezi unaofuata.

*Kufuli.* Chagua ya chuma, na uifunge kwenye kitu kisichohamishika. Kufunga gurudumu peke yake hakutoshi, kwa kuwa mtu anaweza kubeba skuta nzima begani.

*Mkoba wa mgongoni.* Ni bora kuliko kuning'iniza mifuko ya sokoni kwenye usukani. Mfuko wa kilo tano ukining'inia upande mmoja, usukani unavuta upande huo, hasa unapokata kona. Kanuni pia zinakataza kubeba kitu kinachoondoa mizani ya chombo.

*Tairi.* Ziko za upepo na za mpira mtupu. Za upepo zinashika barabara vizuri zaidi na hazikutikisi mifupa, ila hupata pancha. Za mpira mtupu hazina pancha, lakini ni ngumu, na huteleza kwa urahisi zaidi kwenye vigae vilivyolowa. Njia za kando ya maziwa zikimwagiwa maji, utaiona tofauti hiyo. Kwa anayechagua za upepo, pampu ndogo ni kifaa cha maana: tairi yenye upepo pungufu hula betri na hupata pancha haraka.

*Kishikilia simu.* Kinafaa kwa kuonyesha njia. Hakifai kwa kusoma ujumbe ukiwa unaendesha.

4. Kikapu cha tatu: vya kuacha

*Kiti, na nafasi ya mtu wa pili.* Kwetu tumezoea mishikaki: dereva, mama, na mtoto katikati, wote kwenye boda boda moja. Hapa skuta ni ya mtu mmoja. Kubeba abiria ni faini ya dirhamu 300. Ubao wa skuta ni mfupi, magurudumu ni madogo, na breki zake zimetengenezwa kwa uzito wa mtu mmoja. Na kumbuka, skuta yenye kiti haipandi metro.

*Kufungua spidi.* Fundi au video ya mtandaoni itamwambia kijana kwamba skuta inaweza kufunguliwa iende kasi kuliko kiwandani walivyoiweka. Fikirini hesabu hii. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga inaongezeka mara nne, na umbali wa kusimama kwa breki nao unakaribia mara nne. Breki ni zilezile. Mwenda pole hajikwai.

*Betri ya nje ya kuunganisha kwa waya.* Hapa ndipo moto unapoanzia. Tunaieleza hapa chini.

*Spika na visikilizio masikioni.* Sikio ni kifaa chako cha usalama, nalo umepewa bure.

Kwa nini tunasisitiza hivi? Mwaka 2024 Dubai ilikuwa na ajali 254 zilizohusisha skuta za umeme na baiskeli. Watu 10 walifariki na 259 walijeruhiwa. Familia iliyovuka mipaka na kambi ili watoto wawe salama isimpoteze mmoja wao kwa ajili ya kilomita kumi za kasi.

5. Betri na chaja: somo la nyumba nzima

Skuta ikianguka, anaumia mtu mmoja. Betri ikiwaka moto chumbani, ni familia yote na majirani wa ghorofa. Betri hizi ni za lithiamu, na moto wake huja ghafla na ni mgumu kuzima.

Soma namba ya volti kwenye chaja. Skuta ya volti 36 hutumia chaja iliyoandikwa 42V. Skuta ya volti 48 hutumia 54.6V. Plagi ya chaja ya jirani inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye skuta yako, na bado ikawa si yake. Kuingia si kufaa. Chaja yenye volti nyingi kuliko inavyotakiwa inaweza kuipasha betri moto hadi iungue.

Soketi za hapa ni za pini tatu za mraba, kama za Kenya, Tanzania na Uganda. Ukiuziwa chaja ya pini mbili, nunua adapta nzuri. Ile mbinu ya kusukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la juu tuiache tulikoitoka.

Fuata pia haya:
- Usichaji usiku mkiwa mmelala.
- Usichaji mlangoni wala kwenye korido. Moto ukianza hapo, mmefungiwa ndani.
- Ukitoka juani, iache skuta ipoe kivulini kwanza. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.
- Betri ikivimba, ikitoa harufu au ikiwa moto isivyo kawaida, acha kuitumia.
- Moto ukianza, toeni watu wote nje, funga mlango, piga 997. Msirudi kuchukua chochote, hata karatasi.

6. Zoezi la nyumbani

Kaeni pamoja baada ya chakula. Tuseme mna dirhamu 900. Msichague skuta ya 900. Tengeni kwanza 200 au 250 kwa ajili ya kikapu cha kwanza, kisha tafuteni skuta kwa pesa inayobaki. Skuta ya bei ya chini bila helmeti inageuka kuwa ghali siku ya faini ya kwanza au ya kuanguka kwa kwanza.

Kisha jadilini hali hizi tatu. Kila mmoja aseme angefanya nini kabla ya kusoma majibu.

a) Kijana wa miaka 15 anasema marafiki zake wote wanaendesha, na duka limekubali kumuuzia.

b) Mama anataka kuongeza kiti ili ampeleke mtoto mdogo dukani upande wa pili wa ziwa.

c) Chaja imepotea. Jirani mwema anatoa yake iliyoandikwa 54.6V. Skuta yenu ni ya volti 36.

*Majibu.* (a) Duka linauza, halitoi kibali. Asubiri afike 16. Mkitaka, anaweza kuanza sasa kusoma kanuni, ili siku yake ikifika awe tayari kwa mtihani. (b) Hapana: abiria haruhusiwi, na kiti kitaizuia skuta kupanda metro. Kwa safari hiyo miguu inatosha. (c) Mshukuruni jirani, msiitumie. Tafuteni ya 42V inayolingana na skuta yenu.

Mzazi, ukienda dukani, iandike orodha yako kwa mkono wako mwenyewe na uende nayo. Kijana atafsiri maneno, wewe usome namba. Muuzaji akikuharakisha, toka, rudi siku nyingine. Na kama mna skuta tayari na hamna uhakika na breki, helmeti au chaja, mwambieni mhudumu wa familia yenu atakapowatembelea. Tutaiangalia pamoja, na hatuji kumgombeza mtu.