Moto wa Shoti Ndani ya Paneli: Maswali Yanayoulizwa Korogwe na Handeni

Kituo cha umeme wa maji cha Hale, wilayani Korogwe, kilijengwa miaka ya 1960, kwa hiyo umeme si mgeni katika eneo hili. Kilichoongezeka ni watumiaji wa fezi tatu: korona (mitambo ya kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge), mashine za kusaga, karakana za kuchomelea na machimbo madogo ya dhahabu upande wa Handeni. Maelezo haya yanawahusu wao na mafundi wao, ingawa wenye nyumba pia watayaona ya kwao.

Moto wa shoti ni nini?
Ni umeme unaoruka hewani kutoka waya mmoja hadi mwingine, au hadi kwenye bati la paneli, badala ya kupita njia yake. Joto lake linaweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke, mvuke hutanuka ghafla, na mlango wa paneli huweza kung'oka kwa kishindo.

Nisiposhika waya, nitaunguaje?
Moto huu haungoji uguse kitu. Mtu aliyesimama hatua moja au mbili kutoka paneli iliyo wazi anaweza kuungua uso na mikono, kuumia macho na hata masikio.

Volti 400 si ndogo ukilinganisha na laini ya volti 33,000?
Wengi huiogopa laini kubwa na kuizoea paneli, na mazoea hayo ndiyo hatari. Ukali wa moto hutegemea wingi wa umeme unaopita kwenye shoti na muda unaochukua kukatwa. Paneli iliyo karibu na transfoma kubwa hupata umeme mwingi sana, hata kama volti zake ni 400.

Kwa nini viwanda vya mkonge vinahitaji tahadhari ya pekee?
Kwa sababu mazingira yake ni magumu kwa vifaa vya umeme. Korona hutumia maji mengi, na maji yanayotoka kwenye majani yana asidi inayokula chuma na maungio ya nyaya. Kwenye chumba cha brashi, ambako nyuzi husafishwa, vumbi la nyuzi huingia kila upenyo na hushika moto upesi. Paneli zikae mbali na maji, milango yake ifungwe vizuri, matundu yazibwe ili panya na mijusi wasipite, na nati za nyaya zikaguliwe na kukazwa kwa ratiba, umeme ukiwa umezimwa. Alama ya kuungua au harufu ya plastiki ni sababu tosha ya kusimamisha kazi.

Fyuzi inakatika kila mara. Nifunge waya mnene?
Hapana. Tunaelewa kwamba mashine ikisimama wateja huondoka, lakini fyuzi inayokatika inatoa taarifa ya kasoro. Waya mnene huuacha umeme uendelee kulisha moto kwa sekunde nzima au zaidi, wakati kinga sahihi ingekata mapema. Mitambo mikubwa hufungwa hata vifaa vinavyohisi mwanga wa shoti na kuamuru umeme ukatwe mara moja.

Gambuti na glavu za mpira zinatosha?
Glavu maalumu za umeme na viatu vya mpira husaidia dhidi ya kupigwa na umeme, lakini hazizuii joto hili. Nguo za nailoni huyeyuka na kugandia mwilini. Kinga ya kwanza ni kuzima, kufunga swichi kwa kufuli, kisha kuhakikisha kwa testa iliyojaribiwa kwamba hakuna umeme. Nguo maalumu zisizoshika moto huja baada ya hapo.

Ni kweli mafuta ya transfoma hutibu vidonda?
Habari hiyo husikika, lakini si kweli, na baadhi ya transfoma za zamani zina mafuta yenye kemikali za sumu. Mafuta hayo hupoza transfoma na kuzuia shoti ndani yake. Yakiibwa, transfoma inaweza kuungua na kijiji kizima kikakosa umeme.

Nani afungue paneli?
Ni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji. Una haki ya kuomba kuiona leseni hiyo. Mita na laini inayoilisha ni kazi ya TANESCO, shirika la umeme, pekee.

Mwenzangu akiungua?
Zima umeme kabla ya kumgusa. Mwagilia jeraha maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, usivue nguo iliyogandia, usipake dawa ya meno wala mafuta, na umpeleke hospitali hata kama anasema hajambo.

Mfanyakazi ana haki gani?
Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Anayeumia kazini hulipwa fidia na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri bila makato ya mshahara. Ajali iripotiwe mapema, hata ikiwa ndogo.

Kwa hitilafu ya laini au transfoma piga TANESCO 180. Kwa moto piga Zimamoto 114. Taja kijiji na alama iliyo karibu, na usimwage maji kwenye moto wa umeme.