Nikiuza Jumapili, lazima niende kanisani?

SWALI: Padri, nauza vitenge Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Jumapili wateja wa mikoani wanafungasha mizigo, siwezi kufunga. Nasali nyumbani na kusikiliza mahubiri kwenye simu. Haitoshi?

JIBU: Binti yangu, haitoshi. Mungu anaisikia sala yako, sina shaka. Lakini simu haikupi komunyo, wala haijui umelazwa. Wanajumuiya wenzako ndio watakaokuja na uji na rambirambi. Kwa sababu hiyo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1976. Soma pia Waebrania sura ya 10 kuhusu kukusanyika pamoja.

Anayeuguza au kulea mtoto mchanga ana udhuru. Biashara ni suala la kupanga. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inaikubali Misa ya Jumamosi jioni badala ya Jumapili. Ulizia ratiba parokiani. Au amka uwahi Misa ya kwanza. Tena, jirani yako Mwislamu akienda swala ya Ijumaa, si unamwangalizia meza? Mwombe naye akuangalizie yako hadi utakaporudi.