Sala ya Jioni: Nyota Kwanza, Ndama Baadaye

Sala za nyumbani huharibika kwa namna mbili. Kuna baba anayemrundikia Mungu vyeo hadi watoto wanasinzia, kisha anasema amina bila kuomba wala kushukuru kwa lolote. Na kuna anayemfanya Mungu kijana wa kutumwa dukani: lete hiki, ondoa kile, tumemaliza. Wa kwanza amemweka Mungu mbali mno, wa pili amesahau anazungumza na nani.

Biblia huuweka ukuu wa Mungu na ukaribu wake bega kwa bega. Fungua Zaburi ya 147: aya ya 3 Mungu anawauguza wenye majonzi, aya ya 4 anazihesabu nyota zote na kuziita kwa majina. Nenda Isaya 40: aya ya 11 ni mchungaji aliyebeba mwanakondoo kifuani, na aya ya 12 ni huyo huyo anayepima maji ya dunia kwa kiganja. Basi panga sala yako kwa mtindo huo.

Anza nje. Hapa Nyamisangura taa za mji wa Tarime hufifisha nyota, kwa hiyo umeme ukikatika usilalamike, waite watoto uani. Kuanzia Novemba hadi Machi, mbingu zikiwa wazi, waonyeshe kundi la nyota la Kilimia. Mwanga wanaouona umesafiri takriban miaka 440: ulianza safari kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Usihubiri. Waache watazame, waulize maswali, hata ya kijinga. Dakika tatu zinatosha, maana baridi ya Tarime usiku haina huruma.

Rudini ndani, mmoja asome aya hizo mbili za Zaburi. Mtoto anayejifunza kusoma ndiye apewe; akikwama, msaidieni taratibu.

Sasa inakuja kazi yenyewe. Kila mtu ataje jambo moja, na liwe jambo linaloonekana. “Ubariki familia yetu” halitoshi. Mama aseme ndama anaharisha tangu jana. Mtoto aseme daftari la hisabati limejaa na anaogopa kumwambia baba. Baba, kama ana ujasiri, ataje deni la kikoba. Hapa ndipo wengi hugundua kwamba hawajawahi kusikia yanayomsumbua aliye jirani yao mezani. Asiyetaka kusema apitwe bila kuulizwa sababu. Mungu anayejua jina la kila nyota hahitaji mtu alazimishwe kusema.

Sauti iwe ya kawaida. Nabii Eliya pale Mlima Karmeli aliwadhihaki manabii wa Baali waliopiga kelele tangu asubuhi, akisema huenda mungu wao amelala. Spika kubwa sebuleni haimsogezi Mungu karibu. Inawasogeza majirani mbali, hilo nakuhakikishia.

Kuna sehemu moja ngumu, na kwetu Tarime haikwepeki. Koo zetu zimewahi kupigana kwa sababu ya mifugo na mipaka ya ardhi, na majeraha mengine bado mabichi. Aliye mkuu kiasi cha kuumba kila mtu hawezi kuwa karibu na ukoo mmoja pekee. Kwa hiyo mara moja kwa juma, katika sala hiyo hiyo, mwombeeni mtu wa ukoo mnaogombana nao: afya yake, watoto wake, ng'ombe wake. Ulimi utakuwa mzito. Taja jina lake hata hivyo.

Mkizoea, waalikeni majirani. Mkoa wetu wa Mara una historia nzuri katika hili: mwaka 1966, katika parokia za Wajaluo za Jimbo Katoliki la Musoma, waamini walianza kukutana kwa vikundi vidogo vya jirani. Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa jumuiya ndogo ndogo kama hizo kipaumbele katika uchungaji wa eneo hili. Mwanzo ulikuwa watu wachache wanaojuana shida zao. Msizidi nyumba tano au sita. Wakizidi, wanyamavu watanyamaza zaidi.

Usisubiri Jumapili wala usitafute kitabu cha maombi. Leo usiku, kabla ya kufunga mlango, toka nje na walio nyumbani kwako, mtazame juu, kisha umuulize kila mmoja nini kimemlemea.