Mtoto Hataki Kuandika? Anzeni na Shairi la Vidole Vinane

Mpe mtoto wa Gredi ya Nne daftari, umwambie aandike insha kuhusu likizo yake. Wapo watakaojaza ukurasa. Yupo pia atakayeandika tarehe, aandike kichwa, apige mstari kwa rula, halafu atafune kalamu mpaka jioni. Ukimuuliza, atakwambia hana la kuandika. Mtoto huyo huyo, dakika tano baadaye, atakusimulia mechi ya uwanjani Kiganjo mpaka umwambie anyamaze ale.

Kwa hivyo maneno anayo. Kinachomshinda ni ukurasa. Ukurasa ni mpana, hauna mwisho anaouona, na kila neno analoandika linaweza kurudi likiwa na alama nyekundu. Katika mitaa yetu ya Thika na Ruiru kuna jambo jingine pia: nyumbani anaongea Kigĩkũyũ au Kikamba, kwenye ploti anaongea Sheng, shuleni Kiingereza, na Kiswahili sanifu hukutana nacho kitabuni. Akishika kalamu, anaanza kwa kujiuliza ni lugha gani kati ya hizo haitamletea aibu. Wengine huamua kwamba iliyo salama ni kunyamaza.

Hofu hiyo si ngeni katika kaunti hii. Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, aliandika katika kitabu chake Decolonising the Mind (1986) jinsi wanafunzi wa utotoni mwake walivyochapwa au kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama shuleni. Wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu walivishwa "diski" miaka mingi baadaye kwa kosa hilo hilo. Tukiwa tumelelewa hivyo, ni rahisi kuketi karibu na mtoto na kuanza kusahihisha kabla hajamaliza sentensi.

Makala haya yanapendekeza njia moja ya nyumbani, isiyohitaji kitabu cha kununua: shairi fupi linaloanzia mdomoni. Shairi ni dogo, linahesabika, na mtoto anauona mwisho wake kabla hajaanza. Isitoshe, Waswahili wamelitumia nyumbani tangu zamani. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, mwanamke wa pwani ya kaskazini, alikuwa mgonjwa, akamtungia binti yake utenzi wa beti zaidi ya 100 wa kumwachia maneno yake. Utenzi huo bado unasomwa katika vyuo vikuu. Ulianza kama maneno ya mama kwa mtoto wake.

Mizani ni nini

Mizani ni idadi ya silabi katika mstari. Thika ina mbili: Thi-ka. Ruiru ina tatu: Ru-i-ru. Githurai ina nne, Witeithie tano. Herufi "m" ikisimama peke yake mbele ya konsonanti huhesabiwa kama silabi, kwa hivyo m-to-to ni tatu. Mchezo huu unaweza kuchezwa ndani ya matatu: kila steji mnayopita, mtoto anaihesabu kwa vidole. (Majina ya Kiingereza kama Blue Posts yatawaletea ubishi. Yaacheni yapite.)

Mstari wa utenzi, ambao kwa lugha ya washairi ni mshororo, una mizani nane. Mishororo minne hufanya ubeti mmoja. Nane ni idadi nzuri kwa mtoto kwa sababu anayo mikononi: vidole vyote bila magumba. Akifikia kidole cha mwisho, mstari umekwisha. Hakuna mtu wa kumwambia aongeze.

Jioni ya kwanza, kalamu ni yako

Chagueni tukio la siku hiyo hiyo, dogo kabisa. "Likizo yangu" ni mada kubwa mno. "Tulivyorudi kutoka kwa shosho" inatosha. Mtoto asimulie, nawe uandike maneno yake jinsi alivyoyatamka. Mzazi asiyependa kuandika anaweza kumpa kazi hiyo kaka au dada mkubwa, na anayetoka zamu usiku anaweza kuomba ujumbe wa sauti kwenye simu, ausikilize na kuuandika kesho yake. Dakika kumi zinatosha. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti elimu ya chekechea na maktaba, shule za msingi zikabaki kwa serikali ya kitaifa, lakini dakika kumi baada ya chajio hazimo katika jedwali lolote. Hizo ni zenu.

Tuseme amesimulia hivi: "Mat ilikuwa imejaa, hakuna pa kukaa, na mimi nasikia njaa mbaya. Mama akanipakata. Tukifika Ruiru watu wakashuka, nikaruka nikapata dirisha."

Sasa mwambie muhesabu. "Nasikia njaa mbaya" ni nane tayari: na-si-ki-a-nja-a-mba-ya. Mwonyeshe hilo kwanza, kabla ya yote. Alikuwa anaongea shairi bila kujua. "Hakuna pa kukaa" ni saba, kimebaki kidole kimoja kimesimama. Usimpe jibu. Rudia mstari, inua kile kidole, ungoje. Kungoja huku ndiko kazi ngumu ya mzazi, na ndiko mahali mtoto anapoanza kutunga: anageuza, anapima, anatupa neno, analirudisha. Akisema "Mimi sina pa kukaa", vidole vimetimia. "Mat imejaa" itamsumbua, kwa sababu "mat" haiishii kwa irabu. Huenda akaibadilisha kuwa "Gari yetu imejaa". Hiyo nayo ni nane. Baada ya muda mtakuwa na kitu kama hiki:

Gari yetu imejaa
Mimi sina pa kukaa
Nasikia njaa mbaya
Mama akanipakata

Ruiru tukasimama
Watu wengi wakashuka
Mbio mbio nikaruka
Dirisha nimelipata

Msomee kwa sauti, taratibu, kama unavyosoma kitu cha maana. Andika jina lake chini.

Mzazi aliyesoma Kiswahili atakuwa ameshaona makosa. Gari ni "letu", na "limejaa". Tafadhali, jioni ya kwanza nyamaza. Jioni ya tatu, shairi likiwa limesomwa mara kadhaa na mtoto akiwa analipenda, mwambie kuna neno moja la kunyoosha: "Gari letu limejaa." Mhesabu tena. Bado ni nane! Hakuna kilichovunjika, na mtoto ameonja upatanisho wa kisarufi bila kuhisi kwamba amechukuliwa kitu. Kosa moja kwa kila shairi linatosha. Mengine yatafika zamu yake.

Vina vije vyenyewe

Wengi wetu tulifundishwa kwamba shairi ni vina, yaani silabi zinazofanana mwishoni mwa mistari. Kwa mtoto asiyependa kuandika, ningeviacha kwa majuma mawili ya kwanza. Hesabu ya nane inamsaidia kwa sababu inamwambia wapi pa kusimama. Kina kinamlazimisha kutafuta neno linalolia vizuri hata kama si kweli. Angalia ubeti wa kwanza hapo juu. Mstari wa tatu haulingani na wa kwanza na wa pili. Ungeweza kumshawishi aseme "Tumbo nalo lina njaa", na vina vingetimia, lakini "nasikia njaa mbaya" ndivyo mtoto wa Thika anavyosema, na msikilizaji anaiamini.

Isitoshe, vitenzi vyetu vingi huishia kwa "a", kwa hivyo vina havikai mbali. "Wakashuka" na "nikaruka" zimekutana bila kualikwa. Na mstari wa mwisho wa kila ubeti umeishia kwa "-ta", akanipakata na nimelipata, kama tenzi zinavyofanya, ambapo mstari wa nne hubeba kina kimoja kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwonyeshe jambo hilo baada ya kutunga, alishangae.

Atakayetaka kuacha hata mizani, aache. Wakubwa wenyewe waligombana juu ya hili. Euphrase Kezilahabi wa Tanzania alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, wako waliosema hayo si mashairi kamwe. Leo mashairi huru yanafundishwa katika shule zetu, na ushairi, wa kale na wa sasa, hutahiniwa katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE.

Kuna watoto ambao hata kusimulia hawataki. Kwa hao anza na vitendawili. Nyumba nyingi za hapa bado zina mtu anayejua kusema "Gwata ndaĩ", akajibiwa "Ndagwata". Acha mchezo uende kwa Kigĩkũyũ au lugha yoyote mnayoongea. Baada ya vitendawili vitatu vya zamani, mwambie atunge chake kuhusu kitu kilichomo nyumbani: ndoo, mtungi wa gesi, paka wa jirani. Kitendawili ni mstari mmoja tu, na ni mafumbo matupu, jambo ambalo washairi hulitafuta maisha yao yote. Mkishakifurahia, jaribuni kukihamisha kiingie Kiswahili cha vidole vinane. Kuna maneno yatakayokataa kuhama, na hayo yaachwe yalivyo.

Kwa mtoto anayechoka haraka kuandika, tumieni kibwagizo, yaani mstari unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti. Akishaupata, robo ya kila ubeti ujao imekwisha andikwa. Mtoto mwenye kuhesabu kazi atalipenda sana hilo.

Mambo mawili ya kuepuka. Usilitume shairi lake kwenye kundi la WhatsApp la familia bila kumuuliza. Cheko moja la mjomba linaweza kumrudisha kwenye kutafuna kalamu. Na usimlipe kwa kila ubeti, kwani siku utakapokosa shilingi ishirini, shairi nalo litakosekana.

Ikiwa baada ya wiki kadhaa anatunga vizuri kwa mdomo lakini kuandika kwenyewe kunamtesa, yaani herufi zinageuka, mkono unauma, anasogeza uso karibu sana na daftari, basi huenda si uvivu. Mpeleke akapimwe macho, na uzungumze na mwalimu wake. Shule inaweza kumwelekeza kwenye kituo cha EARC, ambacho hutathmini watoto wenye matatizo ya kujifunza.

Lini umkabidhi kalamu? Siku atakapoichukua mwenyewe. Mara nyingi huanza kwa kulalamika kwamba umeandika neno lake vibaya. Mpe, alisahihishe, kisha usiidai tena.

Hii hapa mistari mitatu ya kuanzia juma hili, yote ya mizani nane. Mtoto achague mmoja na aongeze mitatu. Wa mwisho unafaa pia kuwa kibwagizo, hasa kwa wakazi wa mitaa yenye mgao:

Nikifika Makongeni
Nanasi lina miiba
Leo maji hayatoki