Kilindini: Mji Uliomezwa na Mvita

Nyamira ilipotengwa na Kisii mwaka 1989, ilipata wilaya yake. Kilindini ilipita njia ya kinyume. Ulikuwa mji kamili, upande wa pili wa kisiwa cha Mombasa. Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, waliunda Thelatha Taifa, wenye tamimu wao. Wamvita na wenzao ndio Tisa Taifa. Baadaye Wakilindini walihamia Mvita, mji wao ukahamwa. Jina, litokanalo na kilindi, likabakia kwa bandari, nayo ndiyo wengi waijuayo. Hapo ndipo mwanafunzi wa fasihi hukosea: hulihesabu kila shairi la Mombasa kuwa sauti ya Mvita, ilhali Thelatha Taifa walihamia mjini bila kuacha kujihesabu kando.