Ukano wa Kisigino Ukikatika Wenyewe

Mwezi huu tujifunze juu ya tatizo ambalo watu wengi hulidhania kuwa ni kuteguka tu.

Ukano ni nini? Ni kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Wengi huiita mshipa. Ulio mnene kuliko zote mwilini uko nyuma ya kisigino. Ndio hutusukuma tunapopanda vilima vya Kamuli na mkungu wa ndizi kichwani.

Kwa nini hukatika? Ukano mzima hukatika kwa kuruka au kukimbia ghafla. Uliodhoofika huweza kukatika mtu akishuka kizingiti tu. Hudhoofishwa na uzee, kisukari, ugonjwa wa figo wa muda mrefu, prednisoloni, na dawa za jamii ya siprofloksasini. Mwaka 2008 Mamlaka ya Dawa ya Marekani iliagiza onyo kali juu ya jambo hili liandikwe kwenye maelezo ya dawa hizo. Siprofloksasini ni dawa nzuri ikiandikwa na mganga. Usijinunulie dukani kwa kubahatisha. Ukiwa unaitumia na kisigino kikaanza kuuma, rudi kwa mganga siku hiyohiyo. Lakini prednisoloni usiiache ghafla bila ushauri wake.

Dalili. Mgonjwa husikia kama amepigwa fimbo nyuma ya mguu. Akigeuka haoni mtu, na wengine husema wamerogwa. Hawezi kusimama kwa ncha za vidole vya mguu huo. Hata hivyo aweza kutembea akichechemea, maana misuli mingine humsaidia. Hapo ndipo watu hudanganyika.

Jinsi ya kupima. Daktari Simmonds wa Uingereza alieleza kipimo hiki mwaka 1957:
1. Mgonjwa alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda.
2. Minya shavu la mguu mzima: wayo utasogea, vidole vikielekea chini.
3. Minya mguu unaouma: wayo usiposogea, yaelekea ukano umekatika.

Andika katika daftari la matibabu:
(a) tarehe na saa ya tukio;
(b) mguu upi, na alikuwa akifanya nini;
(c) magonjwa aliyo nayo;
(d) dawa zote za miezi ya karibuni, hata alizokwisha kumaliza;
(e) matokeo ya kipimo kwa kila mguu.

Maandishi haya yatamsaidia daktari wa Bukoba au Bugando asianze upya, na yatamkinga mgonjwa asipewe tena dawa iliyomdhuru.

La kufanya. Msimkande wala kumchua. Asikanyagie mguu huo. Mfungeni kibao, vidole vikielekea chini kidogo, mkampeleke hospitali mapema. Akichelewa majuma kadhaa, ncha za ukano huachana, matibabu huwa magumu, na aweza kuchechemea maisha yake yote. Kwa mkulima, mguu ni jembe la pili. Tuutunze, ni zawadi ya Mungu.