Sikio la mtoto linalotoa usaha tena na tena

Mzazi wa Kibera au Kawangware, usaha ukitoka sikioni mwa mtoto kwa zaidi ya majuma mawili, au ukikauka kisha ukarudi, huenda kiwambo cha sikio kimetoboka. Mtoto huyo husikia kwa shida, na darasani huitwa mkaidi bure.

Sokota kitambaa safi, ukaushe sikio mara tatu kwa siku, ndipo utie matone aliyoandika daktari. Kukausha pekee hakutoshi: katika utafiti wa shule za Kiambu uliochapishwa mwaka 1996, usaha uliisha kwa asilimia 51 ya waliokaushwa na kupewa dawa, kwa waliokaushwa tu, asilimia 22.

Usijinunulie matone dukani. Gentamisini, kwa mfano, yaweza kuharibu usikivu. Akivimba nyuma ya sikio, mpeleke Hospitali ya Kenyatta siku hiyo hiyo.